Sura ya Sita: Amekula Nini Tangu Jana?

Kaoze iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa milima unaoitwa Lyamba lya Mfipa. Juu ya ukuta huo, Sumbawanga, watu huvaa masweta mwezi Juni na kuota moto jioni. Huku chini, kama mita 1,000 kushuka, joto ni la mpunga na ufuta, na mbu hawana likizo. Tuchukue usiku mmoja wa masika. Bodaboda imesimama mbele ya zahanati, na mama anashuka na mtoto wa miaka mitano ambaye kichwa kimemlegea. Mwili unachoma. Njiani alikakamaa na kutetemeka mara mbili, na jirani mmoja alishatamka neno degedege kabla hata hawajaondoka nyumbani.

Nesi anamlaza mtoto kitandani, anamfunua kope, anamwita jina, hajibiwi. Halafu anauliza:

"Mama, amekula nini tangu jana?"

"Hajala, nesi. Uji kidogo tu jana mchana, na wenyewe akautapika."

Nimeanza na swali hilo kwa sababu ni swali la hisabati, ingawa aliyeliuliza pengine hakulifikiria hivyo. Wanaojenga modeli za ubongo kwa kompyuta huanza na swali lilelile: mwanzo wa hesabu, ndani mlikuwa na kiasi gani? Wao huliita hali ya mwanzo. Bila kuijua, milinganyo yote inayofuata ni mapambo.

Tufanye hesabu ya mtoto huyu papa hapa, kwa namba za kukadiria. Ana kilo 18. Mtoto wa umri wake ana damu ya mililita 75 hivi kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo yeye ana lita 1.35. Katika lita moja ya damu ya mtu mzima wa afya mna sukari ya gramu 0.9 hivi. Zidisha: gramu 1.2. Hiyo ndiyo sukari yote inayozunguka mishipani mwake akiwa mzima, na ukiimimina kwenye kijiko cha chai haifiki hata theluthi yake.

Sasa upande wa matumizi. Ubongo wa mtu mzima ni asilimia 2 ya uzito wake, lakini hula asilimia 20 ya nishati ya mwili unapopumzika. Mtoto ni mlafi zaidi. Mwaka 2014 mwanaanthropolojia wa Marekani Christopher Kuzawa na wenzake walionyesha kuwa ulaji huo hufika kileleni karibu na umri wa miaka mitano, ubongo ukichukua zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote ambayo mwili unahitaji. Kwa sukari, ni kama gramu 150 kwa siku, yaani gramu 0.1 kwa dakika. Gawanya 1.2 kwa 0.1. Ukifunga leo mlango wa kuingizia sukari, iliyomo kwenye damu inautosha ubongo dakika 12. Ukiongeza iliyomo kwenye maji yanayozunguka seli nje ya mishipa, unapata dakika 40. Ubongo wenyewe hauna ghala la maana, na hapo unatofautiana na kila mkulima wa bonde hili.

Ghala liko kwenye ini. Ini huweka akiba ya glaikojeni na kuitoa kidogo kidogo usiku kucha, lakini kwa mtoto mdogo aliyelala na njaa akiba hiyo huisha kabla siku haijatimia. Baada ya hapo mwili hulazimika kutengeneza sukari upya kutoka vitu vingine, na katika malaria kali karakana hiyo nayo husuasua. Vimelea vilivyojificha ndani ya chembe nyekundu vinakula sukari makumi ya mara kuliko chembe nzima. Zamani tuliongeza balaa kwa mikono yetu wenyewe, kwa sababu kwinini huisukuma kongosho kutoa insulini, na insulini huishusha sukari. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2010, la watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, lilionyesha kuwa sindano ya atesuneti ilipunguza vifo kutoka asilimia 10.9 za kwinini hadi 8.5. Watoto ambao sukari yao ilishuka walikuwa wachache zaidi pia.

Modeli ya kihisabati, basi, ni daftari la duka. Sukari iliyopo hubadilika kwa kiasi kinachoingia kutoka tumboni na kwenye ini, ukitoa kinacholiwa na ubongo, misuli na vimelea. Ukiandika sentensi hiyo kwa alama umepata mlinganyo wa mabadiliko. Kompyuta haina uchawi wa ziada. Inarudia hesabu hiyo mara maelfu kwa vipande vidogo vya muda, bila kuchoka na bila kusahau kitu kilichokopeshwa.

Oksijeni hufuata daftari hilohilo, ila kwa haraka inayotisha. Damu ikiacha kufika kichwani, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kama kumi. Swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu ni jinsi ya kupima ulaji wa kiungo ambacho huwezi kukifungua. Jibu lilitolewa mwaka 1870 na Adolf Fick, Mjerumani, na ni jibu ambalo mchuuzi yeyote wa soko la Sumbawanga angelifikia. Simama barabarani. Malori yanaingia mjini na magunia 20 kila moja, yanatoka na magunia 14. Kama unajua malori mangapi yamepita kwa saa, unajua mji umekula magunia mangapi, na hukuingia nyumba ya mtu hata moja. Seymour Kety na Carl Schmidt waliitumia kanuni hiyo kwa ubongo miaka ya 1940. Waliwavutisha vijana wenye afya gesi ya kuchekesha iliyochanganywa na hewa, wakachukua damu kutoka kwenye ateri na kutoka kwenye mshipa wa shingoni unaotoka kichwani, wakalinganisha. Mwaka 1948 walitoa namba ambazo hadi leo zimo katika vitabu: mililita 54 za damu kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika, na oksijeni mililita 3.3.

Namba hizo ni sahihi, na ndizo zinazonikera. Modeli nyingi zilizoandikwa tangu wakati huo zina mwili wa kijana huyohuyo: kilo 70, hemoglobini 15, ameshiba, hana homa. Mwaka 1957 Charles Kennedy na Louis Sokoloff waliwapima watoto wakakuta mililita 106, yaani karibu mara mbili, na oksijeni 5.2. Rudi kwa mtoto wetu wa Kaoze. Ubongo wake una kilo 1.2 hivi. Kwa kipimo hicho, lita 1.27 za damu hupita kichwani mwake kila dakika, na mwili wake mzima una lita 1.35. Nilipolifanya zidisho hilo mara ya kwanza nililirudia, nikidhani nimekosea nukta.

Lakini nani anafungua bomba? Kujua kiasi kinachopita ni jambo moja, na kujua kwa nini kinapanda na kushuka ni jingine. Hapa naomba tupande tena juu, Ufipa, tukawatembelee wahunzi wa zamani.

Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, kila moja ilungu, mengine yakimzidi mtu urefu mara moja na nusu au zaidi. Ilungu halikuwa na mivukuto. Moto ulipopamba, hewa ya moto ilipanda juu na kuivuta hewa mpya kupitia mirija iliyopangwa chini, hivyo kadiri tanuri lilivyokuwa kali ndivyo lilivyojivutia hewa zaidi. Chuma kilichotoka hapo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuri dogo la kusafishia, kintengwe, ambako mtu alikaa na mivukuto. Kintengwe halikujivutia hewa. Mtu mwenye mivukuto aliamua, akiangalia kazi inayokuja.

Mwaka 1890 Charles Roy na Charles Sherrington, wakiwa Cambridge, walipendekeza kwamba ubongo unafanya kama ilungu: sehemu inayofanya kazi hutoa mabaki ya kemikali, mabaki hayo hupanua mishipa midogo iliyo karibu, damu inaongezeka. Moto unajivutia hewa yake. Kwa karibu karne moja picha hiyo ilitosha. Kisha mwaka 1986 Peter Fox na Marcus Raichle waliwasisimua watu vidole vya mkono na kupima sehemu ya ubongo inayohusika. Damu iliongezeka kwa karibu asilimia 30. Oksijeni iliyotumika iliongezeka kwa asilimia 5 tu. Ilungu haliwezi kufanya hivyo; tanuri linalojivutia hewa kwa joto lake halivuti mara sita ya linachounguza. Kuna mtu mahali fulani alikuwa ameshika mivukuto.

Leo tunajua kuwa ilungu na kintengwe vyote viwili vimo. Glutamati, kemikali ambayo nyuroni hutumia kupashana habari, huanzisha mlolongo wa ishara zinazopanua mishipa hata kabla upungufu wa oksijeni haujajitokeza. Hiyo ndiyo kintengwe. Hewa ya ukaa na asidi zinazobaki baada ya kazi huendelea kuvuta kwa njia ya zamani. Modeli nzuri lazima iwe na mikono miwili, na inapokuwa na mmoja tu, hujulikana haraka, kwa sababu haiwezi kuzaa namba za Fox na Raichle hata ukizikamua vipi.

Tofauti hiyo kati ya 30 na 5 ndiyo inayofanya mashine za kupiga picha za ubongo ukiwa kazini ziweze kuona chochote: damu inayotoka sehemu iliyochangamka ina oksijeni nyingi kuliko kawaida, na sumaku huitambua. Richard Buxton na wenzake waliandika mwaka 1998 modeli inayofananisha mishipa midogo ya vena na puto linalovimba na kunywea. Wafaransa Agnès Aubert na Robert Costalat walikwenda mbali zaidi mwaka 2002 kwa kuunganisha puto hilo na daftari la sukari, laktati, oksijeni na sarafu ya nishati ya seli iitwayo ATP. Laktati iliingia kwa mlango mkubwa kwa sababu ya hoja ya Luc Pellerin na Pierre Magistretti ya mwaka 1994: kwamba seli za pembeni, astrositi, huivunja sukari nusu na kuwapa nyuroni laktati, kama mama anayemtafunia mtoto. Mabishano juu ya hoja hiyo hayajaisha, na mimi nimekaa pembeni nikisikiliza.

Turudi bondeni, maana kuna kipande cha hisabati ambacho mkulima wa mpunga ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. August Krogh, Mdenmaki, mwaka 1919 alijiuliza oksijeni hufikaje kwenye seli iliyo mbali na kapilari. Alichora kila kapilari kama mfereji na kuugawia jaruba lake, mviringo wa tishu ambao ni wajibu wake kuunywesha. Milinganyo alitengenezewa na Erlang, mtu yuleyule ambaye hesabu zake za foleni za simu bado zinatumika. Jibu likawa kwamba kila mfereji una umbali wa mwisho. Seli iliyo nje ya umbali huo hukauka hata kama mfereji umejaa.

Katika malaria ya kichwani chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye kuta za kapilari za ubongo. Mifereji inazibwa mmoja hapa, mmoja pale. Anayepima damu inayoingia kichwani kwa jumla anaweza kuona namba nzuri tu, kwa sababu maji yaliyokosa njia hupitia mifereji iliyobaki wazi kwa kasi zaidi. Lakini jaruba lililopoteza mfereji wake linamtegemea jirani, na umbali umekuwa mara mbili. Jumla imesalimika na mpunga umekauka katikati. Seli zilizo huko huacha kutumia oksijeni na kuvunja sukari kwa njia ya mkato, njia inayotoa ATP mbili badala ya thelathini na ushee na kuacha laktati. Ndiyo maana laktati inayozidi milimoli 5 kwa lita humshtua daktari wa malaria.

Mtoto mwingine wa bonde hili ana shida ya aina tofauti, nayo ni sikoseli, au selimundu kama vitabu vya wizara vinavyopenda kuiita. Malaria na sikoseli ni ndugu wa muda mrefu. Tangu Anthony Allison alipochapisha kazi yake ya Afrika Mashariki mwaka 1954 tunajua kwamba anayerithi jeni ya sikoseli kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, na anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka.

Hesabu ya malori inafaa hapa kuliko popote. Oksijeni inayofika ni idadi ya malori mara mzigo wa kila lori. Hemoglobini ya 15 hubeba mililita 20 za oksijeni kwa kila mililita 100 za damu. Mtoto wa sikoseli akiwa na 7, mzigo umeshuka chini ya nusu. Ubongo wake haujapunguza ulaji, kwa hiyo malori lazima yawe zaidi ya mara mbili. Na ndivyo inavyokuwa, mishipa yake imepanuka siku zote, bomba liko wazi usiku na mchana. Anacheza na wenzake, anakwenda shule, huoni kitu. Ila homa ikipanda, na kila nyuzi moja ya joto huongeza ulaji kwa kama sehemu ya kumi, hakuna tena bomba la kufungua. Modeli huiita akiba ya mishipa, na kwake akiba imeshatumika katika maisha ya kawaida.

Mwaka 1982 Rune Aaslid alionyesha kuwa sauti isiyosikika inaweza kupita kwenye mfupa mwembamba wa kando ya jicho na kupima kasi ya damu katika mshipa mkubwa wa ubongo. Miaka kumi baadaye Robert Adams akaitumia kwa watoto wa sikoseli, na baadaye ikawa kanuni: kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa. Namba hiyo moja inaficha mambo mawili, na hapa modeli inafanya kazi ya kweli. Kasi ni kiasi cha damu kikigawanywa kwa upana wa njia. Inaweza kupanda kwa sababu malori ni mengi, au kwa sababu barabara imebanwa na kovu. Jaribio la Marekani la mwaka 1998 lilionyesha kuwa kuwaongezea damu watoto hao kila mwezi hupunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Damu ya kila mwezi, kwa miaka! Wilaya zetu nyingi hazina damu ya kutosha hata kwa akina mama wanaojifungua. Ndiyo maana kazi iliyofanyika kwetu ina uzito. Muhimbili, kwa uongozi wa Julie Makani, ilianza kufuatilia wagonjwa kwa utaratibu mwaka 2004. Bugando, Mwanza, waliwapa dawa ya haidroksiyurea watoto ambao kasi yao ilikuwa imepanda, na kasi ikashuka. Utafiti mwingine wa watoto 606 wa Uganda, Kenya, Kongo na Angola, uliotoka 2019, ulikuta dawa hiyohiyo inapunguza maumivu, maambukizi na vifo. Ni kidonge, na huongeza mzigo wa kila lori.

Wanaopeleka watoto kama hao Sumbawanga kwa rufaa wanapanda mlima wenye hewa pungufu kwa karibu sehemu ya kumi. Damu ya kawaida haijali, kwa sababu mchoro wa Archibald Hill wa mwaka 1910 unaonyesha kuwa hemoglobini ikishajaa, kupungua kidogo kwa hewa hakuiondolei kitu. Damu ya sikoseli iko sehemu ya mchoro yenye mteremko.

Na kuna onyo ambalo wanamodeli wanapaswa kulibandika ukutani. Kwa miaka mingi mtoto aliyeletwa na dalili za damu kutofika viungoni alimiminiwa maji kwa dripu haraka haraka, kwa imani kwamba maji mengi ni mtiririko mwingi. Kathryn Maitland na wenzake walilijaribu hilo kwa watoto 3,141 nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2011 matokeo yalitoka: waliomiminiwa walikufa asilimia 10.5 hivi, wasiomiminiwa 7.3. Uchambuzi wa baadaye ulitaja sababu kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba maji yaliifanya damu iwe nyepesi. Malori yaliongezeka na magunia yakapungua. Tena fuvu ni sanduku lisilopanuka: ubongo ukivimba ndani yake, damu ndiyo inayokosa nafasi. Charles Newton aliupima mgandamizo huo kwa watoto wa Kilifi, na mwaka 2015 picha za sumaku za Blantyre, Malawi, zilikuta uvimbe mkubwa kwa watoto 21 kati ya 25 waliokufa kwa malaria ya kichwani.

Zahanatini, nesi ameshachoma kidole cha mtoto. Kipimo kinasoma milimoli 1.9 za sukari kwa lita, chini mno. Anaandika namba, na pembeni yake saa 4:10 usiku. Wakati anatafuta mshipa anachukua kijiko cha sukari, anakilowesha kwa matone mawili ya maji, anamwekea mtoto kidogo chini ya ulimi, kama mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unavyoruhusu pale mshipa unapochelewa kupatikana. Mshipa unapatikana. Anaingiza mililita 90 za glukosi ya asilimia 10, ambayo ni gramu 9. Mara saba na nusu ya yote ambayo mtoto huyu angekuwa nayo mishipani akiwa mzima.

Saa 4:40 kipimo kinasoma 6.3. Mtoto amefumbua macho, anamtafuta mama. Mama anaanza kulia na kumshukuru Mungu, nesi anamshika bega. Gramu 9, kwa gramu 0.1 kila dakika, ni saa moja na nusu, na vimelea bado vimo.

"Mama, usilale," anamwambia. "Saa 5:10 nampima tena. Kuna mtu nyumbani anaweza kuleta uji?"